Ekinasia haioti, na inayoota inaanguka: kosa liko wapi?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Nilinunua pakiti ya mbegu za ekinasia, ile ya maua ya zambarau yanayosifiwa kwa mafua. Nilisia mbegu 60 kwenye trei ya udongo wa bustani niliouchanganya na samadi, kina cha kama sentimita moja na nusu, nikafunika kwa nailoni na kuweka kivulini. Namwagilia asubuhi na jioni bila kukosa. Hii ni wiki ya sita, zimeota nne tu, na tatu kati ya hizo zimelala chini kana kwamba mtu amezikata kwa uzi pale shina linapotokea udongoni. Jirani anasema niziloweke kwenye maji ya moto. Mwingine anasema nizigandishe usiku mmoja kwenye friza. Nusu ya pakiti bado ninayo. Je, nimeuziwa mbegu mbovu? Trei hii niimwage? Na nikifanikiwa, mizizi nitachimba lini? Nina mtoto wa miaka minane mwenye pumu, mafua hayamwishi, na ndiye hasa ninayemlimia."*

Ndugu msomaji, hapo una matatizo mawili yaliyokuja kwa pamoja. La kwanza ni mbegu kutoamka. La pili ni miche iliyoamka kuoza shingo. Nakuomba uyatenganishe tangu sasa, kwa sababu dawa zake zinapingana: mbegu iliyolala inahitaji unyevu wa muda mrefu kwenye baridi, na mche mchanga unauawa na unyevu wa muda mrefu kwenye joto. Wewe umetoa unyevu wa muda mrefu, ila umeutoa mahali pasipotakiwa. Swali la mtoto nitalijibu mwisho, na nalipa uzito kuliko bustani yenyewe.

Tuanze na pakiti. Kabla ya kumlaumu aliyekuuzia, zikague mbegu zilizobaki. Mbegu ya ekinasia ina urefu wa milimita nne hadi tano, rangi ya kijivu-nyeupe, pembe nne ukiitazama kwa ncha, na upande mmoja mpana kuliko mwingine. Gramu moja ya aina ya zambarau huwa na mbegu kama 250. Chukua kumi bila kuchagua, uzibane moja moja kwa ukucha juu ya kitu kigumu. Iliyojaa inakataa kubonyea, na ukiikata utakuta kiini cheupe chenye mafuta kidogo. Iliyo tupu inabonyea kama pumba. Ikiwa nane kati ya kumi zimejaa, mbegu zako ni nzima na tatizo ni usingizi. Ikiwa nyingi ni pumba, hakuna mbinu itakayozifufua.

Mbegu tupu si lazima ziwe za udanganyifu. Ekinasia kwa kiasi kikubwa haijichavushi: ua la mmea mmoja linahitaji chavua ya mmea mwingine wa aina yake, ikiletwa na nyuki au vipepeo. Mtu mwenye mmea mmoja bustanini atavuna vichwa vizuri vyenye miiba, vilivyojaa maganda matupu. Yale maua ya mapambo yenye petali zilizorundikana mara mbili nayo mara nyingi hayatoi mbegu za maana, na hata zikiota, watoto hawafanani na mama. Kwa hiyo hata siku utakapotaka kujivunia mbegu zako mwenyewe, uwe na mimea kadhaa iliyotokana na mbegu tofauti.

Soma pia jina la kitaalamu kwenye pakiti. Zinazotumika kama dawa ni aina tatu: Echinacea purpurea, Echinacea angustifolia na Echinacea pallida. Zote asili yake ni Amerika Kaskazini, na angustifolia ndiyo iliyotumiwa sana na wenyeji wa nyanda kavu za katikati ya bara lile muda mrefu kabla ya viwanda vya dawa. Purpurea ndiyo rahisi: usingizi wake ni mwepesi na sehemu ya mbegu huota bila kufanyiwa lolote. Hizo nyingine mbili zina usingizi mzito sana, na ukizisia kavu moja kwa moja kwenye joto unaweza kuishia na trei tupu. Ikiwa pakiti imeandikwa "ekinasia" tu bila jina la pili, ichukulie kama ina usingizi mzito. Hasara yake ni wiki chache za kusubiri.

Usingizi huo ni wa nini? Mmea huu unamwaga mbegu zake msimu wa joto unapoisha. Mbegu ikiota papo hapo, mche unakutana na barafu ukiwa na majani mawili na unakufa. Kwa hiyo ndani ya mbegu kuna kizuizi, kikiwemo kichocheo kiitwacho asidi ya absisiki, kinachokizuia kiini kukua hata kama maji na joto vipo. Kizuizi hicho kinapungua polepole mbegu ikiwa imekwisha kunywa maji na ikakaa kwenye baridi ya nyuzi 1 hadi 5 za Selsiasi kwa wiki kadhaa, na wakati huohuo kiini kinazidi kuitikia jiberelini, kichocheo kinachosukuma uotaji. Ni kazi ya kikemia inayofanyika ndani ya chembe hai zilizolowa. Naomba neno "zilizolowa" likae kichwani, maana ndilo linaloamua ushauri wa majirani zako.

Friza usiku mmoja haisaidii. Mbegu kavu ikigandishwa haifi, lakini haiamki pia. Kavu haifanyi kazi yoyote ndani, iwe usiku mmoja au mwaka mzima. Kwa kweli kukausha na kugandisha ndiyo njia ya kuhifadhi mbegu zibaki zimelala. Mbegu iliyolowa ikigandishwa ghafla ni mbaya zaidi, kwa sababu maji yaliyomo yanaganda na kupasua chembe. Maji ya moto nayo ni dawa ya mbegu za aina nyingine kabisa, zile za jamii ya mikunde na miti kama mikakaya, zenye ganda gumu lisilopitisha maji. Ganda la ekinasia linapitisha maji bila shida, kwa hiyo hakuna cha kuvunja. Moto utapika kiini tu.

Njia yenyewe ni hii. Loweka mbegu kwenye maji ya kawaida, yasiyo ya moto, kwa saa 12, usizidishe saa 24. Wakati zinaloweka, andaa mchanga wa mtoni uliooshwa mpaka maji yake yatoke meupe, ujazo mara tatu ya mbegu. Ulowanishe kisha uukamue kwa ngumi: ukifungua mkono uwe umeshikana lakini usidondoshe tone. Changanya na mbegu, tia kwenye mfuko mdogo wa plastiki au chupa yenye kifuniko, acha hewa kidogo ndani, andika tarehe na aina. Weka kwenye friji, rafu za chini, mbali na sehemu inayogandisha. Kama una kipimajoto, thibitisha kuwa haishuki chini ya sifuri. Friji nyingi za nyumbani hukaa nyuzi 3 hadi 5, na hiyo inatosha.

Purpurea ikae wiki nne, na hata sita si vibaya. Angustifolia na pallida zikae wiki nane hadi kumi na mbili. Kila wiki fungua mfuko dakika moja hewa ibadilike, uangalie mambo matatu: ukavu, ukungu, na ncha nyeupe za mizizi. Ukikuta pamekauka, nyunyiza matone. Ukungu ukionekana kwenye mbegu moja moja, ziondoe, kwani mara nyingi huwa ni zile tupu zinazooza. Ukiona ncha za mizizi, usisubiri tarehe. Sia siku hiyohiyo kwa uangalifu, maana mzizi wa milimita mbili unakatika kwa kuguswa tu.

Kuna jambo la pembeni linalopendeza kulijua. Usingizi wa angustifolia umeonekana katika majaribio kuvunjika zaidi pale baridi inapounganishwa na mwanga na gesi ya etileni, ileile inayotolewa na matunda yanapoiva. Wazalishaji wakubwa hutumia kemikali inayotoa gesi hiyo. Kwa trei moja ya nyumbani sikushauri kuhangaika nayo, baridi na mwanga vinatosha.

Huna friji? Kama mna majira ya baridi yenye barafu, sia nje baridi inapokaribia kuanza na uiachie kazi hiyo. Fukia kwa matandazo mepesi ndege wasizifukue. Kama hamna baridi wala friji, tafuta mbegu za purpurea tu, ziloweke saa 12, kisha sia mara mbili au tatu ya idadi unayotaka. Utapata kiasi, na zitatokea kwa vipindi, nyingine leo na nyingine baada ya mwezi. Si njia mbaya mradi usimwage trei mapema.

Na hapa najibu swali la trei yako: usiimwage bado. Mbegu ulizosia zimelowa wiki sita, baadhi zitakuwa zimeoza, lakini zilizojaa na zilizolala huenda bado ni hai. Chota udongo wa juu kwa kijiko, uchekeche kwa chujio, uzitafute, uzibane polepole kwa vidole. Zilizo ngumu zioshe, ziingize kwenye mchanga safi na friji kama nilivyoeleza. Udongo wenyewe ndio wa kutupa, na usiutumie tena kwenye kitalu chochote. Mche mmoja uliobaki umesimama uhamishie kwenye kikopo cha mchanganyiko mpya leo, pamoja na kidonge cha udongo kuzunguka mizizi, usioneshe mizizi hewani.

Sasa kina. Sentimita moja na nusu ni mbali mno. Mbegu hii inaota vizuri zaidi ikionja mwanga, na angustifolia ndiyo inayodai mwanga kuliko zote. Isitoshe, akiba ya chakula ndani yake ni ndogo. Chipukizi inayopanda kutoka kina hicho kwenye udongo mzito inaweza kuishiwa nguvu njiani. Zitandaze juu ya mchanganyiko uliosawazishwa, zigandamize kwa kiganja zishikane na udongo, kisha nyunyizia mchanga laini wa milimita mbili au tatu, kiasi kwamba bado unaona vivuli vya mbegu hapa na pale. Acha sentimita mbili hadi tatu kati ya mbegu na mbegu. Weka mahali penye mwanga mwingi usio jua kali la moja kwa moja, joto la nyuzi 18 hadi 22. Mbegu zilizopita kwenye baridi huanza kutokea kati ya siku 10 na 20. Joto likipanda sana, uotaji unapungua, na nailoni iliyofungwa juani inaweza kupandisha joto ndani bila wewe kujua.

Mchanganyiko wa kitalu usiwe na samadi. Hapo ndipo tatizo la pili lilipoanzia. Tumia sehemu mbili za vumbi la nazi au mboji iliyoiva kabisa na kuchekechwa, na sehemu moja ya mchanga wa mtoni. Mche mchanga hauhitaji mbolea mpaka utoe majani halisi; unahitaji hewa kwenye mizizi.

Ile hali ya shina kukatika kwa chini inaitwa kinyausi. Inasababishwa na vimelea vya udongoni, hasa Pythium, Rhizoctonia na Fusarium, vinavyoishi karibu kila udongo wa bustani. Ukitazama mche ulioanguka kwa karibu utaona shina limesinyaa kwa milimita chache tu usawa wa udongo, limekuwa jembamba, lenye rangi ya maji au kahawia, wakati juu yake vijani viwili bado ni vya kijani. Ndiyo maana watu hudhani ni mdudu. Sota, kiwavi anayekata miche, akikata, utakuta shina limekatwa wazi na wakati mwingine kipande kimeburutwa. Kinyausi hakikati, kinayeyusha. Mche uliokwisha sinyaa hauponi, hata ukiuegemeza kwa kijiti. Ung'oe pamoja na udongo wake.

Vimelea hivi vinapenda vitu vinne, nawe uliviweka vyote: udongo mbichi usiosafishwa, samadi, maji mara mbili kwa siku, na hewa iliyosimama chini ya nailoni kivulini. Pythium hata hutoa vijimbegu vinavyoogelea, kwa hiyo trei iliyojaa maji ni barabara yake. Usiongeze dawa kwanza, ondoa barabara. Trei za zamani zioshe kwa sabuni, kisha zitumbukize dakika kumi kwenye sehemu moja ya klorini ya kufulia kwa sehemu tisa za maji, suuza na ukaushe juani. Kama lazima utumie udongo wa bustani, upike kwa mvuke mpaka katikati yake pafike nyuzi 80, ukae hapo nusu saa, kisha upoe. Nailoni inaruhusiwa mpaka chipukizi ya kwanza itokee. Siku hiyo iondoe.

Kumwagilia kufanyike kutokea chini: simamisha trei yenye matundu kwenye beseni lenye maji ya sentimita mbili, subiri uso wa udongo ubadilike rangi, toa, acha ichuruzike. Usirudie mpaka uso ukauke na trei ionekane nyepesi ukiinyanyua. Huenda ikawa kila siku mbili, huenda siku nne. Uzito wa trei ndio unaokuambia, si saa ya ukutani. Majivu, ambayo wengi huyanyunyiza juu ya miche, siyapendekezi hapa. Yanapandisha alikali kwenye udongo, na ekinasia inapenda pH, yaani kipimo cha asidi na alikali, ya 6 hadi 7.

Majani mawili ya kwanza, yale ya mbegu, ni ya mviringo na laini. Jani halisi la kwanza linatoka likiwa na vinyweleo vigumu unavyovihisi ukilipitisha kidole. Hicho ndicho kitambulisho chako dhidi ya magugu. Baada ya hapo utaona kama mmea umesimama. Haujasimama, unajenga mizizi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa kumwaga mbolea ya naitrojeni, na wanapata majani manene na baadaye mashina marefu yanayolala. Mbolea ya maji iliyozimuliwa nusu ya kipimo, mara moja kwa wiki mbili baada ya majani halisi mawili, inatosha mpaka kupandikiza.

Pandikiza mche ukiwa na majani halisi matatu au manne, kwa kawaida wiki ya nane hadi ya kumi. Ukomaze kwanza kwa siku saba hadi kumi: saa mbili za jua la asubuhi, kesho yake tatu, ukiongeza polepole. Purpurea ina mizizi ya nyuzinyuzi inayovumilia kuhamishwa. Angustifolia na pallida zina mzizi mkuu mmoja unaoshuka chini, na ukipinda kwenye trei fupi mmea unadumaa. Hizo zisie moja kwa moja kwenye vikopo virefu vya sentimita 15 au zaidi, au shambani kabisa. Nafasi iwe sentimita 45 kati ya mmea na mmea, jua la saa sita au zaidi kwa siku, na udongo usiotuamisha maji. Shingo ya mmea, pale majani yanapotokea, iwe usawa wa ardhi. Ukiifukia inaoza, na matandazo nayo yaachie nafasi ya vidole vitatu kuizunguka.

Msimu wa kwanza palilia kwa mkono. Mche wa ekinasia hauwezi kushindana na magugu, ingawa mmea mkubwa wa mwaka wa tatu unavumilia ukame, baridi kali na udongo duni. Ugumu unaosifiwa ni wa mmea uliokwisha kujenga mizizi. Ukiupima mche kwa kipimo hicho utaupoteza.

Maua tegemea mwaka wa pili. Yakichelewa, kabla ya kufikiria mbolea, fikiria urefu wa mchana. Purpurea ni mmea unaotaka mchana wa wastani hadi mrefu, kama saa 13 hadi 16, ili kutoa maua vizuri. Karibu na ikweta, ambako mchana hauachani sana na saa 12 mwaka mzima, unaweza kubaki kichaka cha majani kwa muda mrefu ukiwa na afya njema kabisa. Wengine huongeza saa mbili au tatu za taa jioni na kupata maua. Nalisema hili mapema kwa sababu pakiti nyingi zimeandikwa kwa ajili ya watu wa nchi zenye majira manne.

Adui mkubwa wa mmea uliokomaa ni ugonjwa wa manjano ya asta, unaoletwa na kijidudu kiitwacho fitoplasma na kusambazwa na wadudu wadogo wanaofyonza na kurukaruka majanini. Dalili haisahauliki: ua linageuka kijani, vijani vidogo vinaota katikati ya kichwa chake, na shina linatoa matawi membamba mengi. Hakuna tiba. Ng'oa mmea mzima na uuchome. Usiuchanganye na kazi ya utitiri wadogo wasioonekana kwa macho, ambao husababisha vishungi vya kijani au zambarau juu ya kichwa huku mmea mwingine ukiwa mzima. Hapo kata vichwa vilivyoathirika na uviteketeze, mmea uuache. Ukishindwa kutofautisha, mwite bwana shamba au bibi shamba aje auone ukiwa bado ardhini. Vivyo hivyo ikiwa trei mbili mfululizo za mchanganyiko safi zitaanguka kwa kinyausi: peleka sampuli ya miche na maji unayomwagilia, kwani huenda chanzo ni tangi au kisima.

Je, mbegu ndiyo njia bora kwako? Ukihitaji mimea mitano tu, kununua miche au kuomba kipande cha shina la chini lenye chipukizi kutoka kwa mwenye purpurea kunakuokolea karibu mwaka. Mbegu ina faida ukitaka mimea mingi na yenye asili tofauti itakayochavushana. Lakini kwa angustifolia, kugawa mmea hakufai sana kwa sababu ya ule mzizi mkuu, kwa hiyo huko mbegu ndiyo njia bora.

Kuhusu kuvuna, purpurea huvunwa sehemu za juu ya ardhi maua yanapofunguka vizuri, kuanzia mwaka wa pili, ukiacha sentimita 15 za shina. Mizizi huchimbwa mwaka wa tatu au wa nne, majani yakishakauka au mmea ukishapumzika. Kabla ya hapo mzizi ni mdogo na utakuwa umeua mmea kwa kiganja kimoja cha nyuzi. Unaweza kurudisha ardhini kipande cha shingo chenye chipukizi na mizizi michache kikaendelea. Kausha kivulini penye hewa, joto lisizidi nyuzi 40, mizizi minene ukiipasua kwanza. Mzizi mzuri ukitafunwa huacha ulimi ukiwa na ganzi na msisimko. Hizo ni alkamaidi, moja ya viambato vinavyofanyiwa utafiti.

Sasa mtoto. Nitakuwa mkweli hata kama umelima kwa ajili yake: usimpe. Utafiti kuhusu ekinasia na mafua ya kawaida ni mwingi, na mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyoyakusanya majaribio hayo yalikuta kuwa manufaa, kama yapo, ni madogo, na yanatofautiana kati ya bidhaa na bidhaa. Upande wa pili kuna hatari inayojulikana. Ekinasia ni ya jamii moja na alizeti na kamomili, na watu wenye mzio, hasa wenye pumu au ukurutu, wako katika hatari zaidi ya kupata mzio nayo. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilishauri bidhaa za kunywa za ekinasia zisitumiwe na watoto walio chini ya miaka 12, kwa sababu hiyohiyo ya mzio. Mwanao ana miaka minane na ana pumu; ameangukia pande zote mbili.

Kubwa zaidi ni hayo mafua yasiyoisha. Kwa mtoto wa pumu, kikohozi cha usiku, pua inayotiririka wiki baada ya wiki au pumzi inayobana akicheza huweza kuwa ni pumu isiyodhibitiwa au mzio wa pua. Yote mawili yana tiba. Mpeleke kwa daktari na dawa zake zote za kuvuta, aoneshe jinsi anavyozivuta, kwa kuwa mara nyingi dawa ni sahihi na namna ya kuivuta ndiyo inayokosewa.

Mtu mzima mwenye afya anaweza kuitumia kwa muda mfupi. Mwongozo wa shirika la dawa la Ulaya kwa purpurea ni siku zisizozidi 10. Asiitumie bila kumwona daktari mwenye ugonjwa wa kingamwili kushambulia mwili, mwenye kifua kikuu, anayetumia dawa za kushusha kinga kama waliopandikizwa viungo, mwenye VVU, au mjamzito na anayenyonyesha. Na yeyote aliyeionja akapata vipele, uvimbe wa midomo au uso, au kifua kikaanza kubana, aache papo hapo na akimbizwe hospitali ya karibu. Asisubiri kuona kama itapungua.